Upanga wa Serikali na Haki ya Raia

Alhamisi Kuu ni siku ambayo Wakristu wote hukumbuka jinsi Bwana wetu alivyokaa mezani na rafiki zake kwa mara ya mwisho, kisha akaenda bustanini, na huko akakamatwa na watu wenye panga na marungu. Katika mwaka 2015 siku hiyo iliangukia tarehe 2 Aprili. Alfajiri ya siku hiyo watu wanne wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi kadhaa Wakristu walikuwa wamekusanyika kusali, nao walikuwa miongoni mwa waliouawa kwanza. Kisha wauaji wakapita katika mabweni, wakiuliza nani ni Mwislamu na nani ni Mkristu, wakawamiminia risasi vijana waliokuwa wametoka usingizini. Jioni ilipoingia watu 148 walikuwa wamekufa, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Wengi walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Wazazi waliokuwa wameuza ng'ombe ili walipe karo walisafiri hadi Nairobi, wakapita mbele ya maiti, wakitafuta sura waliyoizaa.

Kikundi cha Al-Shabaab, chenye chimbuko lake katika nchi ya Somalia, kilikiri kwa majivuno kwamba ndicho kilichofanya kazi hiyo. Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wake walikuwa wamevamia maduka ya Westgate mjini Nairobi, wakaua watu 67. Tarehe 22 Novemba 2014 walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawaua abiria 28 wasio Waislamu, na baadhi yao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Wala Garissa haikuwa mara ya mwisho. Tarehe 15 Januari 2019 watu 21 waliuawa katika hoteli ya Dusit mjini Nairobi, na wananchi wa Lamu na wa kaunti za mpakani wameendelea kuzika watu wao baada ya hapo.

Ndugu wasomaji, swali moja husemwa katika nyumba zetu baada ya chakula cha jioni, na nje ya makanisa yetu baada ya Misa, na kila linapotokea shambulio jipya hurudi kwa ukali: Serikali iwafanyeje watu wa namna hii? Si swali la wanasiasa peke yao. Serikali hufanya kazi kwa jina letu, kwa kodi yetu na kwa mikono ya watoto wetu waliovaa sare. Kwa hiyo yatupasa tulijibu kama raia, na zaidi ya hayo kama Wakristu wenye dhamiri.

Tumesikia majibu ya namna mbili, na yote mawili twaona yana upungufu.

Wa kwanza husema: Mwenye bunduki hajui lugha nyingine ila bunduki. Sheria ni ya watu waungwana. Basi serikali iwakusanye wote wa kabila lile na dini ile, iwafukuze wakimbizi wote, iwaue wanaoshukiwa kabla hawajaua, na mahakama zisitie mguu. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Mara nyingi ni watu waliofiwa, na uchungu wao ni wa haki. Hatuwezi kumhubiria mama wa Garissa kwamba asiwe na hasira.

Wa pili husema: Sisi ni wafuasi wa Kristu aliyesamehe msalabani. Tusamehe basi, tuzungumze, tuweke silaha chini, naye adui atashikwa na aibu. Hao nao wanakumbuka neno la kweli, ila wanalitia mahali pasipo pake.

Tuanze na hawa wa pili. Msamaha ni wa yule aliyekosewa. Mama aliyeuliwa mwana anaweza kumsamehe muuaji, na akifanya hivyo neema ya Mungu imetenda kazi kubwa ndani yake. Lakini serikali haikupewa watu ili isamehe kwa niaba yao na kuwaacha bila ulinzi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristu wa Roma kwamba mtawala hauchukui upanga wake bure. Ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mwenye kutenda maovu ana sababu ya kumwogopa. Kanisa kwa miaka yote limefundisha kwamba kujilinda ni haki, na kwamba kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine kulinda si haki tu bali ni wajibu mzito. Mchungaji anayemwona mbwamwitu akija, akakaa chini kutafakari juu ya upole, huyo amewasaliti kondoo.

Kwa hiyo twasema waziwazi: serikali isipowakabili magaidi kwa nguvu inatenda dhambi ya kutotimiza wajibu. Katika siku ile ya Garissa kikosi maalum cha polisi chenye ujuzi wa kazi ya namna hiyo kilikuwa Nairobi, na hakikufika mpaka mchana ulipokuwa umesonga. Kilipoingia kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Hizo saa zilizopotea ni roho za watu. Anayedai haki bila kudai ulinzi hodari amesema nusu ya ukweli.

Sasa tugeuke kwa wale wa kwanza, maana ndio wengi, na sauti zao ndizo kubwa. Upanga ambao Mtume Paulo anausema ni wa kumwadhibu mwenye kutenda maovu. Haukutolewa kwa ajili ya jirani yake, wala ndugu yake, wala mtu anayefanana naye sura na mavazi. Amri ya Tano ya Mungu haina nyongeza inayosema kwamba serikali ikiwa na hasira amri hiyo hailazimu. Hata Kaini, muuaji wa kwanza, ambaye mikono yake ilikuwa bado na damu ya nduguye, Mungu alimwadhibu kwa kumfukuza, lakini akamtia alama ili mtu yeyote asimuue ovyo njiani. Muuaji ana hakimu wake; hakuachwa awe windo la kila apitaye.

Katika ile bustani ya Alhamisi Kuu Petro alikuwa na upanga. Alimpenda Bwana wake, akaona uovu ukitendeka, akapiga. Je, upanga wake ulimpata nani? Haukumpata Yuda, wala Kayafa, wala Pilato. Ulimpata mtumishi, ukamkata sikio. Ndivyo ifanyavyo hasira yenye upanga: humpata aliye karibu, na aliyepanga uovu huenda zake. Bwana wetu alimwamuru Petro aurudishe upanga alani, kisha akaliponya lile sikio. Tafadhali tulikumbuke sikio hilo, maana tutalirudia.

Katika Afrika yetu Kanisa lilipata kuonja mapema sana ukatili wa watu wanaoua kwa jina la dini. Katika siku za Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, palikuwa na watu walioitwa Circumcelliones, wafuasi wa farakano la Donato. Walitembea kwa makundi wakiwa na marungu, wakivamia nyumba na makanisa. Walimuua padre mmoja wa Augustino, na mwingine wakamng'oa jicho na kumkata kidole. Yapata mwaka 412 wenye hatia walikamatwa, wakakiri mbele ya Marcellinus, mkubwa wa serikali ya Kaisari, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Ingekuwa rahisi kwa Askofu kunyamaza na kuiacha sheria ya Kirumi iwatende kama walivyowatenda mapadre wake. Hakunyamaza. Alimwandikia Marcellinus akimsihi asiwaue wala asiwakate viungo. Hakuomba waachiliwe, wala hakusema kwamba kosa lao lilikuwa dogo. Aliomba wazuiliwe wasidhuru watu tena, wapewe kazi yenye manufaa, na hakimu awe kama baba mwenye kuadhibu ili kuponya, asije akalipiza kisasi. Aliona kwamba mateso ya watumishi wa Mungu yasichafuliwe kwa kulipwa kwa ukatili ule ule.

Itasemwa: Hayo ni ya watakatifu, serikali ina kazi ngumu na haina nafasi ya utakatifu. Basi tutazame mambo yaliyotendeka hapa kwetu, tuone kama njia ile nyingine ilituletea usalama.

Mnamo Machi 2014 watu sita waliuawa kanisani Likoni, na siku chache baadaye wengine sita wakauawa kwa mabomu mtaa wa Eastleigh. Mwezi wa Aprili serikali ikaanza msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch. Katika majuma ya kwanza watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakimbizi kwa raia. Wengine walipelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wachunguzwe. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaamuru mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, lakini wako waliokaa zaidi ya hapo. Mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ambayo ni chombo cha serikali yenyewe, ilichunguza msako ule, ikasimulia juu ya vyumba vilivyojaa kupita kiasi na juu ya malalamiko ya hongo. Tufikiri kidogo jambo hilo la hongo. Kama mtu asiye na hatia ameshikwa kwa sababu hana fedha, maana yake ni kwamba mwenye hatia aliye na fedha amepita. Msako ulioharibika hivyo haukamati magaidi, huwachuja maskini.

Bwana wetu alisimulia juu ya watumishi walioona magugu katikati ya ngano, wakataka kwenda mara moja kuyang'oa. Mwenye shamba akawazuia, asije akapoteza na ngano. Mfano huo hausemi kwamba magugu ni mazuri, wala kwamba hayatachomwa. Wasema kwamba mwenye haraka hana macho ya kutambua.

Tena kuna mauaji ya siri. Tarehe 27 Agosti 2012 Aboud Rogo Mohammed, mhubiri wa Mombasa aliyekuwa na mashtaka mahakamani na aliyeshukiwa kuwasaidia Al-Shabaab, aliuawa kwa risasi barabarani, mkewe akiwa naye garini. Wahubiri wengine walioshukiwa vivyo hivyo waliuawa katika miaka iliyofuata. Polisi walikana kuhusika, na hatujaona wauaji wakihukumiwa. Mtu anaweza kusema: Afadhali, watu wale walikuwa wakipotosha vijana. Lakini tujiulize matokeo yake. Mji wa Mombasa ulilipuka kwa ghasia kwa siku kadhaa, na makanisa yakashambuliwa. Mhubiri ambaye angesimamishwa kizimbani, uongo wake ukafunuliwa mbele ya wafuasi wake, aligeuzwa kuwa shahidi wa dini machoni pao. Maiti haiwezi kuhojiwa, wala haiwezi kutaja aliyetoa fedha. Na pale ambapo kuua bila hukumu kumezoeleka, kila muuaji hupata pazia la kujifichia. Mnamo Juni 2014 Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa akipinga siasa kali waziwazi, naye alipigwa risasi akaenda zake.

Linganisha na njia ya mahakama. Ni ndefu, yachosha, na waliofiwa huiona kama tusi. Lakini katika mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu watatu kwa kushiriki katika mauaji ya Garissa, mmoja wao Mtanzania aliyefungwa maisha na wawili Wakenya waliofungwa miaka 41 kila mmoja. Mshitakiwa mwingine aliachiliwa kwa kuwa hakuthibitika kuwa na hatia. Katika mwaka 2020 wawili wakahukumiwa kwa Westgate, na wa tatu akaachiliwa. Wako wanaokasirika kwa ajili ya hao walioachiliwa. Sisi twaona kwamba hapo ndipo ubora wa mahakama ulipo. Hakimu anayeweza kusema "huyu hana hatia" ndiye peke yake ambaye neno lake "huyu ana hatia" laweza kuaminiwa na rafiki na adui.

Mahakama hizo hizo ziliikumbusha serikali mipaka yake pia. Mnamo Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu 8 vya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa haraka na ghasia bungeni Desemba 2014. Mnamo Februari 2017 ilikataza kufungwa kwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, yenye watu zaidi ya laki mbili, ikisema kwamba kuwarudisha hivyo ni kuliadhibu kundi zima. Wengi wa wakimbizi hao walikuwa wameikimbia Al-Shabaab yenyewe.

Sasa tulirudie lile sikio.

Serikali yetu yenyewe ilieleza kwamba mmoja wa wale wanne wa Garissa alikuwa kijana Mkenya, mwenye shahada ya sheria ya chuo kikuu, mwana wa chifu wa Mandera. Na baba yake, alipoona mwanawe ametoweka, alikuwa amekwenda kwa wenye mamlaka kutoa habari. Naye kijana aliyeongoza shambulio la Dusit katika mwaka 2019 alikuwa mwana wa askari wa jeshi letu. Nani basi hujua kwanza kwamba kijana ameanza kupotea? Si mpelelezi wa Nairobi. Ni mama anayeona mwanawe amebadili rafiki, ameacha kucheka, anafunga mlango anaposoma simu yake, kisha siku moja kitanda kimelala kitupu. Ni baba, ni dada, ni mwalimu wa madrasa, ni mwenye duka la jirani.

Je, mama huyo ataenda kusema? Hapo ndipo neno letu lote lilipo. Ataenda ikiwa anaamini kwamba askari atamsaidia kumrudisha mwanawe akiwa hai, na kama amekosa, atahukumiwa kwa haki. Hataenda ikiwa anajua kwamba jina atakalolitaja litakutwa msituni likiwa maiti, au kwamba yeye mwenyewe atawekwa ndani pamoja na binti zake mpaka atoe fedha. Serikali inayowatisha wasio na hatia inakata sikio lake yenyewe. Inabaki na bunduki nyingi na macho ya mbali, lakini hainong'onezwi tena habari na mtu. Na bomu halizuiliwi kwa bunduki. Huzuiliwa kwa mnong'ono uliofika mapema.

Kwa hiyo haki si anasa ambayo serikali hujiruhusu wakati wa amani na kuiweka kabatini wakati wa hatari. Ni amri ya Mungu kwanza. Tena ndiyo njia ambayo habari hupitia, na njia hiyo ikizibwa hata askari hodari hupigana gizani.

Magaidi wenyewe wanajua jambo hilo. Walipowatenga Wakristu na Waislamu katika basi na katika bweni hawakutaka kuua tu. Walitaka kupanda chuki, ili Mkristu amwone kila Mwislamu kuwa adui, na serikali imtende kila Mwislamu kama adui, mpaka kijana Mwislamu asiye na neno aseme: Kama nimekwisha kuhukumiwa, heri niwe mwenye hatia. Tukifanya hivyo tumemaliza wenyewe kazi waliyoianza.

Mungu hakutuacha bila ushuhuda wa kinyume. Mnamo Julai 2012, baada ya waumini zaidi ya 15 kuuawa kanisani mjini Garissa, viongozi Waislamu waliahidi kuweka vijana wao kulinda makanisa. Na tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Noeli, magaidi walisimamisha tena basi lililokuwa likienda Mandera, wakawaamuru abiria watengane kwa dini. Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristu mitandio yao wajifunike, nao wote wakasema wauawe pamoja au waachwe pamoja. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata kwa majeraha hayo. Alikuwa na mke na watoto. Tukisoma katika Injili juu ya upendo usiozidiwa na mwingine, ule wa kutoa uhai kwa ajili ya rafiki, hatuna budi kuona kwamba mtu yule aliutenda, akiwatendea watu ambao hata majina yao hakuyajua. Nani atathubutu kusema kwamba yeye na wauaji wake ni watu wa namna moja kwa kuwa waliitwa kwa jina moja la dini?

Tena tusijisahau. Katika mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu, watoto wakiwemo, walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Kristu. Jina la Bwana wetu lilitumiwa kuua. Je, yuko aliyesema Wakristu wote wakusanywe uwanjani wachunguzwe? Hakuna, wala isingekuwa haki. Basi kipimo tunachojipimia, tumpimie na jirani.

Kwa hayo yote, tukiulizwa serikali ifanye nini, twajibu hivi.

Kwanza, ilinde kwa nguvu na kwa wepesi. Vikosi vyenye ujuzi viwe karibu na mahali pa hatari, na maonyo yakitolewa yasikilizwe. Watu wa Mandera na Lamu si raia wa daraja la pili.

Pili, imkamate mwenye kushukiwa, mtu kwa jina lake na kwa kosa lake, imfikishe mahakamani kwa wakati. Asipotee mtu yeyote njiani kati ya mlango wake na mlango wa hakimu.

Tatu, imwadhibu askari anayekula hongo au kuua ovyo, bila kumficha. Askari mwaminifu, ambaye huhatarisha maisha yake kwa mshahara mdogo, huaibishwa na huyo kuliko na adui. Gari lililopita kizuizini kwa shilingi mia chache laweza kubeba kifo cha watu mia.

Nne, imfungulie mlango kijana anayetaka kurudi. Mnamo Aprili 2015 ulitangazwa msamaha kwa vijana watakaojisalimisha, nao kwanza ulitolewa kwa siku 10. Siku 10 hazimtoshi mama wa kijijini kumtafuta mwana aliye ng'ambo ya mpaka. Mlango wa namna hiyo uwe wazi daima, uwe na sheria inayojulikana, na aliyemwaga damu ahukumiwe, na aliyedanganywa afundishwe.

Tano, iwape vijana shule na kazi, hasa mahali ambapo serikali huonekana tu ikiwa na bunduki. Neno hilo si letu. Ule uwanja wa Kasarani, uliotumiwa kuwazuilia watu mwezi wa Aprili 2014, ndio uwanja ambao Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana wetu tarehe 27 Novemba 2015. Vijana walimwuliza la kufanya ili wenzao wasivutwe katika siasa kali. Aliwajibu kwamba kijana asiye na elimu wala kazi yuko hatarini, na akawahimiza wasimwache mwenzao peke yake, bali wamkaribishe, wacheze naye, wakae naye. Uwanja ni mmoja, na kati ya njia hizo mbili za kuwatendea vijana palipita muda usiozidi miezi 20. Kila mmoja na ajiulize ni ipi iliyopunguza idadi ya magaidi.

Enyi wazazi Wakristu, tusimalize kwa kuinyoshea serikali kidole peke yake. Serikali husikiliza kelele zetu. Ikiona kwamba twashangilia mtu asiyehukumiwa anapouawa, itaua wengine. Ikituona twanyamaza jirani Msomali anapotolewa nyumbani usiku, itadhani tumeridhika. Basi tuwafundishe watoto wetu mezani kwamba hakuna kabila la magaidi. Jirani Mwislamu akifiwa, twende tukae naye. Akisherehekea Idi, tumpelekee salamu. Mwana wetu akibadilika, tumketishe na kumsikiliza mapema, tusingoje kitanda kilale kitupu. Tukijua jambo la hatari, tuseme kwa wenye mamlaka bila hofu, na tukiona polisi wametenda uovu, tuseme vilevile bila hofu.

Mama wa Garissa ana haki ya kudai kwamba waliomuua mwanawe waadhibiwe. Mama wa Eastleigh ana haki ya kudai kwamba mwanawe asiye na hatia alale kwake. Wote wawili wanabisha mlango wa serikali moja, na serikali haiwezi kumtimizia mmoja haki yake kwa kumnyima mwingine.

Alhamisi Kuu ijayo, tutakapokesha mbele ya Ekaristi Takatifu, tuwakumbuke wale vijana 142 kwa idadi yao, na askari waliokufa pamoja nao. Tuwaombee wauaji pia, maana Bwana alituamuru. Na tuwaombee wenye mamlaka, ili upanga waliopewa wausimamie kwa mkono imara, wampate mwenye hatia, na yule mtumishi aliyesimama karibu asikatwe sikio.